Gunia moja kutoka Ufipa: barabara inavyoamua kilimwe nini na kiliwe nini

Julai moja nilikaa siku nne katika kijiji kimoja cha Ufipa, nyanda za mkoa wa Rukwa, ndani kidogo ukitoka kwenye barabara ya kutoka mpakani Tunduma kwenda Sumbawanga. Nilikuwa nashika daftari la mnunuzi wa mahindi: nani kaleta debe ngapi, kalipwa kiasi gani, anadaiwa nini. Turubai lilitandikwa chini ya mti, mahindi yakamwagwa, na kijana mmoja akawa anapima. Debe lake lilikuwa limegongwa kutoka ndani mpaka likavimba tumbo. Analijaza, analitikisa, anaongeza juu kwa viganja mpaka mahindi yanajenga kichuguu na kuanza kumwagika pembeni, ndipo anahesabu: "Moja." Madebe sita ya namna hiyo yanaingia gunia moja, na gunia moja linaandikwa kilo mia.

Mama aliyekuwa anapimiwa alikuwa na mtoto mgongoni. Alipofika debe la sita akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo mbona umelijaza mara mbili?" Kijana akamjibu, "Mama, ndivyo tunavyopima huku kote." Nikaandika gunia moja.

Nimelirudia gunia lile kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna swali linaloisumbua Tanzania nzima. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotulisha. Mvua zikikatika Dodoma na Singida, malori hupanda huku. Anayenunua sembe Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, ana kila sababu ya kuamini kwamba punje zile zilitoka Rukwa, Katavi, Songwe, Ruvuma, Njombe au Iringa. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni asilimia 30, na Rukwa ni karibu asilimia 50. Njombe nayo ni 50, Iringa ni 57. Mikoa yenye maghala yaliyojaa ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Watu wengi wakiisikia habari hii hukimbilia neno elimu. Wanasema akina mama hawajui lishe. Nimekaa nao, nimekula kwao, na siwezi kuridhika na jibu hilo. Kliniki wanakwenda, bango lenye makundi ya vyakula wameliona, na ukimuuliza mama mtoto anatakiwa ale nini atakutajia yai, dagaa, maharage, mboga na matunda. Ugumu unaanza pale ambapo kila alichokitaja, ama kimeshapita mbele ya mlango wake kikielekea kwingine, ama hakuona faida ya kukilima, ama kimefika dukani kwa bei ambayo debe lake halitoshi kukinunua.

Kwa kilomita, Sumbawanga iko kama 1,150 kutoka Dar es Salaam: takriban 930 za barabara kuu hadi Tunduma, halafu 220 na ushee kupanda Ufipa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Kusini ni Zambia, karibu kabisa. Mashariki, chini ya ukingo wa bonde, ni Ziwa Rukwa. Nyanda hizi ni za baridi, udongo wake si mbaya, na Wafipa walijulikana tangu zamani kwa matuta ya duara wanayofukia majani ili yaoze na kurutubisha ardhi. Chakula cha asili kilikuwa ulezi na maharage. Mahindi kutawala mashamba ni jambo la juzi, nami nitalirudia, maana gharama za njia zimo humo humo.

Sasa tulifuate gunia.

Mnunuzi anamlipa mkulima kwa debe. Kisha anawalipa kuli wa kupakia, mwenye trekta au Fuso ya kulitoa kijijini hadi lami, ghala la siku mbili tatu mpaka mzigo utimie, ushuru wa halmashauri, lori la kwenda Dar, kuli wa kushusha, dalali wa sokoni, na ushuru wa soko. Njiani kuna mizani: Mpemba, Uyole, Makambako, Wenda, Mikumi, Mikese, Vigwaza. Mizani inalinda barabara na sina ugomvi nayo. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka ukomo wa tani 56, ni ya haki kwa sababu lami ikikatika wa kwanza kuumia ni huyu mkulima wa mwisho wa njia. Lakini kila saa ya foleni ni posho ya dereva na utingo wake, na riba ya mkopo wa mfanyabiashara. Hakuna anayemeza gharama hizo mwenyewe. Zinarudishwa nyuma, mkono kwa mkono, mpaka zinaishia chini ya ule mti, kwenye lile debe.

Bei ya Tandale, soko la nafaka la Dar, haiko mikononi mwa mkulima wa Ufipa. Pale mahindi yake yanakutana na ya soko la Kibaigwa, Dodoma, ambako ni mwendo wa siku moja tu kwa lori. Mnunuzi wa Dar hawezi kumlipa mtu zaidi kwa sababu anatoka mbali. Kwa hiyo mnunuzi wa kijijini anaanza na bei ya Tandale, anatoa kila gharama niliyoitaja, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokitamka kwa mkulima kama "bei ya leo".

Niweke mfano wa namba za kufanyia hesabu tu. Tuseme gunia la mahindi Tandale ni shilingi 80,000 na la maharage ni 240,000. Kulitoa gunia kijijini hadi mjini Sumbawanga tuseme ni 10,000, na kutoka hapo hadi Dar ni 20,000. Gunia ni gunia; lori halijali ndani kuna nini, kwa hiyo yote mawili yanalipa 30,000. Mkulima wa mahindi anabakiwa na 50,000: njia imekula zaidi ya theluthi ya thamani ya jasho lake. Mkulima wa maharage anabakiwa na 210,000, na njia imekula moja ya nane. Mfanyabiashara mwenye nafasi ya gunia moja lililobaki kwenye lori atapakia kipi? Maharage, bila kufikiri mara mbili.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Njia ikiwa ghali, kinachoondoka kijijini kwanza ni chakula chenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, na mara nyingi hicho ndicho chakula kinachomjenga mtoto: maharage, mayai, kuku, samaki wakavu, karanga. Kinachobaki ni kile kizito cha bei ndogo, yaani mahindi. Na vile visivyobebeka kabisa, nyanya, maziwa, mboga za majani, matunda laini, havipati mnunuzi wa mbali. Kila mtu analima vya kutosha kula msimu wake, vikizidi vinaoza, na kiangazi vinakosekana. Sufuria inajikuta na ugali, na pembeni ya ugali chochote kilichokosa soko.

Siku ya pili tulikaribishwa chakula. Ugali wa moto, majani ya maharage yaliyopikwa kwa chumvi, basi. Niliuliza kwa utani maharage yenyewe yako wapi. Mwenyeji wangu, baba wa makamo, akanionyesha kwa kidevu upande wa barabara: "Yalitangulia mwezi uliopita." Alikuwa ameyauza yote isipokuwa mbegu, kwa sababu ndiyo mazao yenye pesa na ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Nami nilikula yale majani nikijua daftari la bosi wangu lina ukurasa mzima wa maharage ya kijiji hicho.

Kuna hesabu ya pili, ngumu zaidi kuiona. Mtaalamu anayefika na gari atamwambia mkulima: punguza mahindi, panda vitunguu, panda mboga, utapata fedha, mahindi utanunua. Kwa karatasi ni ushauri mzuri. Mkulima anakataa, na mtaalamu anaandika kwamba wakulima hawa ni wagumu kubadilika. Lakini rudi kwenye namba zetu. Mwezi wa saba mkulima anauza gunia kwa 50,000. Mwezi wa pili, wakati wa mvua, akiishiwa, gunia hilo litatoka wapi? Litatoka kwenye ghala la mjini. Liliposhuka lilishakuwa la 60,000. Ongeza miezi saba ya ghala, dawa ya wadudu, riba na hofu ya mwenye mali, tuseme limefika 75,000. Sasa lipandishe kijijini kwa njia ya udongo iliyojaa maji, ambayo Fuso inakataa na trekta linadai ghali, tuseme 15,000. Anauza kwa 50,000, ananunua kwa 90,000, na ni mahindi yaleyale, pengine ya shamba lake mwenyewe.

Mtu aliyekaa katikati ya bei hizo mbili hawezi kuliamini soko limlishe. Anayelima vitunguu lazima vitunguu vyake vimrudishie mahindi ya 90,000, si ya 50,000. Vikioza njiani mara moja tu, familia imelala njaa Februari. Kwa hiyo anapanda mahindi kwanza, mengi, ya kula na ya kubakiza. Na ekari inayobaki, kama ipo, ndiyo inayopewa alizeti au maharage ya kuuza. Huyo mnayemwita mgumu wa kubadilika amepiga hesabu kali kuliko ya mtaalamu, kwa sababu akikosea yeye ndiye anayelala njaa.

Na mahindi yenyewe hayakai. Dumuzi, mdudu wa ghalani, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu wakampa jina la Skania kwa kuwa waliona amekuja na malori ya chakula. Anageuza punje kuwa unga wa vumbi ndani ya miezi michache. Ukichanganya hofu ya dumuzi, deni la mbolea na ada, unaelewa kwa nini magunia mengi yanatoka Juni na Julai, bei ikiwa chini kabisa, hata kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua itanunua mahindi kabla ya mavuno mengine.

Lumbesa, yaani kujaza debe au gunia kupita kipimo, inahitaji maelezo yake, kwa sababu watu huizungumzia kama wizi tu. Debe la haki la mahindi ni kama kilo 17 au 18. Lile lililovimba tumbo na kuwekewa kichuguu linaweza kufika 20, na sita zake ni kilo 120. Mkulima amelipwa kilo mia. Kilo 20 kati ya 120 ni moja ya sita ya mzigo, zaidi ya asilimia 16. Linganisha na ushuru wa mazao: mwaka 2017 serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa kabisa ushuru kwa anayesafirisha chini ya tani moja kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Bungeni asilimia hizo tatu zilijadiliwa kwa moto. Zile kumi na sita za chini ya mti haziandikwi popote.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake ziko wazi kwamba gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo hupita, hukamata, hutoza faini. Mbona lumbesa haifi? Kwa sababu gharama nyingi za njiani hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kuli anapakia kwa gunia, trekta linabeba kwa gunia, dalali anapata chake kwa gunia, na magetini kwa miaka mingi wamehesabu magunia kwa macho. Mfanyabiashara akiweka kilo 120 ndani ya gunia moja, amekwepa gharama ya gunia moja katika kila magunia sita. Kadiri gharama hizo zinavyokuwa kubwa, ndivyo gunia linavyonenepa. Kumkamata mwenye debe bila kugusa namna malipo yanavyohesabiwa ni kukata jani na kuacha mzizi. Mahali ambapo kijiji kimepata mizani yake na kuilinda, bei inatamkwa kwa kilo na kijana mwenye viganja hana kazi. Nimeona vijiji viwili vya hivyo, na wanunuzi walikuja vilevile.

Kuhusu msamaha wa chini ya tani moja, naupenda sana, kwa sababu unamgusa mchuuzi mdogo, mara nyingi mwanamke, anayepeleka magunia matatu manne kwa basi. Ila sheria inahitaji mtu wa kuiheshimu getini. Nilikuwa kwenye basi lililosimamishwa, mama mmoja mwenye magunia manne ya maharage akatozwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba haijafika tani. Aliambiwa ashushe mzigo aende akalalamike ofisini. Dereva akapiga honi. Akalipa.

Nilisema nitarudi kwenye mahindi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima: Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua gunia la Sumbawanga kwa bei ileile ya gunia la Morogoro, na tofauti ya usafiri ikabebwa na serikali. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Mkoa wa Rukwa ulikuwa ndiyo kwanza umeanzishwa, mwaka 1974. Ndani ya miaka michache mahindi yalitapakaa Ufipa, na Rukwa ikahesabiwa na Ruvuma, Mbeya na Iringa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ulezi ulirudi nyuma. Mkulima alijibu alichoambiwa na bei, kama anavyojibu leo.

NMC ilizama kwenye madeni ya benki, na katika miaka ya 1980 mfumo ule ukaachwa. Ruzuku ya mbolea ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umbali ukarudi ghafla kwenye bei. Wanunuzi binafsi walikwenda kwanza karibu na Dar na karibu na lami, na Ufipa ikabaki na mashamba ya mahindi, ladha ya mahindi na mashine za kusaga mahindi, lakini bila ile bei iliyoyaleta. Wazee wanaoikumbuka NMC huizungumzia kama jamaa aliyefariki. Mimi sitaki irudi, maana mzigo wake ulimlemea kila mlipa kodi na malipo ya wakulima yalichelewa mno. Ila historia hii inanifundisha jambo moja kwa uhakika: gharama ya njia ina nguvu ya kubadilisha chakula cha kabila zima ndani ya kizazi kimoja. Waliifuta kwa bei ya serikali, watu wakabadilisha mazao na mlo.

Katika miaka ya 2010 lami ilifika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia shirika lake la Millennium Challenge Corporation (MCC), na baadaye lami ikashuka mpaka bandari ya Kasanga ziwani. Safari iliyokuwa ikilaza watu njiani msimu wa mvua ikawa ya saa chache. Wanunuzi waliongezeka, na wakiongezeka wanashindana. Hilo ni jema na nimeliona kwa macho.

Lakini barabara nzuri hubeba pande zote mbili, na haibebi kwa usawa. Samaki ni mfano wa kuumiza. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kasanga, Kipili na Kirando, zamani sehemu yake iliishia vijijini Ufipa kwa sababu kuipeleka mbali ilikuwa shida. Leo gari likitoka ziwani alfajiri linafika Tunduma mchana, na pale kuna mnunuzi wa Zambia, wa Kongo na wa Dar. Mvuvi anapata bei bora, haki yake. Mama wa kijiji kilicho kando ya njia anashindana na mji wa Tunduma kwa fungu moja la dagaa, na hawezi. Mayai vilevile: trei zinapangwa kando ya lami zikisubiri basi, na nyumba yenye kuku kumi inaona yai kama noti. Lami ilipandisha bei ya vyakula bora kijijini kabla haijapandisha kipato cha kutosha kuvinunua.

Na lori linalopanda kutoka Dar linarudi na nini? Saruji, mabati, mbolea, sukari, soda, mafuta ya kupikia, mitumba. Mbolea isiyo na ruzuku nayo imelipia kilomita zilezile, kwa hiyo mkulima wa mwisho wa njia anapigwa mara mbili: anauza kwa bei ya Dar ukitoa usafiri, ananunua mbolea kwa bei ya Dar ukiongeza usafiri. Vyakula vinavyofika ni vile vinavyovumilia safari na rafu ya duka: sukari, soda, biskuti, tambi. Njia ikirahisishwa, vyakula hivyo ndivyo vya kwanza kushuka bei.

Hapa lazima niwe mkweli juu ya jambo linaloweza kuangusha hoja yangu yote. Iringa ina barabara kuu tangu zamani. Ilula iko kando yake kabisa, na ni mashuhuri kwa nyanya na vitunguu vinavyojaza malori ya Dar, jambo ambalo kijiji chetu cha Ufipa hakiwezi kuliota. Njombe ina viazi, maziwa, na sasa parachichi za kuuzwa nje ya nchi. Kama gharama za njia ndizo zinazodumaza watoto, mikoa hii ingekuwa imepona. Haijapona, na Iringa inaongoza nchi nzima. Kwa hiyo njia nzuri huamua mtu alime nini, hilo halina ubishi, lakini haiamui peke yake mtoto ale nini. Katikati yupo mama mwenye saa 24 kama sisi wote. Kilimo cha kuuza kinakula saa zake. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mweupe mwepesi unaopoa tangu asubuhi. Yapo maji machafu na kuhara kunakonyonya hata kile kidogo kilicholiwa. Lipo suala la nani anashika fedha za mavuno, na pombe inashika yake. Yeyote anayeahidi kwamba lami itaondoa udumavu hajaiangalia Iringa.

Bado nasema njia ni sehemu ya tatizo, na sehemu inayoweza kushikwa kwa mkono. Kipande cha gharama kubwa kuliko vyote kwa kila kilomita si kile cha Tunduma hadi Dar. Ni zile kilomita 20 au 30 za udongo kutoka shambani hadi lami. Katika mfano wetu kipande hicho kifupi kilikula nusu ya kile kilicholiwa na safari ya kilomita elfu moja na zaidi. Kalavati mbili na changarawe sehemu ya mteremko vinaweza kumpa mkulima zaidi ya kuongeza njia za barabara kuu, na vinafanya kazi Februari, mwezi ambao gunia linarudi. Barabara kuu ina wakubwa wa kuifungua kwa utepe. Kalavati ya kijijini haina, na bajeti inalijua hilo.

Mpaka nao. Ukikaa Ufipa ukitazama ramani, soko la karibu ni Zambia na Kongo. Serikali ilipozuia mahindi kutoka nje mwaka 2011, na tena Juni 2017, nia ilikuwa kulinda chakula cha nchi. Kwa kijiji hiki maana yake ilikuwa kwamba soko la jirani limefungwa na lililobaki ni lile la mwisho wa mizani saba. Msimu uliofuata zuio la 2017 bei za mahindi nyanda za juu kusini zilianguka vibaya, mahindi yakalala ndani ya nyumba, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula usingeweza kuyanunua yote. Zuio liliondolewa, lakini mkulima aliyeumwa na nyoka hukumbuka. Mwaka unaofuata anapunguza mbolea, anapunguza ekari za kuuza, anarudi kulima cha tumbo. Kwa maoni yangu, sera inayobadilika ghafla ni gharama ya njia kama zilivyo mizani na dizeli, na ni mbaya zaidi kwa sababu haikadiriki.

Ningekuwa na sauti, ningeanzia karibu na sufuria. Mizani ya kilo kila kijiji chenye mnunuzi. Mifuko isiyopitisha hewa, ili gunia mbili za nyumbani zivuke Februari bila dumuzi na bila safari ya kwenda mjini na kurudi. Kukausha mboga na dagaa karibu na vinakopatikana, ili vikae. Bustani ya kiangazi kando ya kijito, hata ndogo, maana mboga isiyosafiri haidaiwi na barabara. Na shule zetu za Ufipa zinunue maharage ya kijijini wakati wa mavuno, kwa kilo, kabla hayajatangulia barabarani.

Februari iliyofuata nilipita tena kijiji kile. Ilikuwa mvua, tulitembea kipande cha mwisho kwa miguu kwa sababu pikipiki ilikuwa inazama. Dukani nilimkuta yule mama wa debe la sita. Mtoto sasa alikuwa anatembea, ameshika kanga ya mama yake. Alikuwa ananunua mahindi. Mwenye duka alijaza sado, akapitisha kiganja juu yake taratibu mpaka punje zikawa sawasawa na ukingo, zile zilizozidi zikarudi kwenye gunia. Akamimina. Akajaza ya pili, akasawazisha vilevile.

Mama akauliza kama kuna dagaa.

"Wanapita tu hapa, mama, wanakwenda Tunduma," mwenye duka akamwambia.

Akalipa, akafunga mahindi kwenye kanga, akamnyanyua mtoto kuvuka tope.